Ushauri mara mbili: Maoni ya wajumbe na historia ya neno 'unasihi' Gusii

RUNDO la fomu lilinifikia likiwa ndani ya bahasha ya kaki. Kongamano la utafiti kuhusu unasihi na tiba ya mazungumzo lilikuwa limekwisha mjini Kisii, wajumbe wakarejea makwao, na waandalizi wakaniomba kazi moja ndogo: nisome maoni ya washiriki, nitafsiri yale yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Ekegusii, kisha niandike muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiingereza. Fomu zenyewe zilikuwa za Kiingereza. Ziliuliza kuhusu ukumbi, chakula, muda wa kila wasilisho na ubora wa mzungumzaji mkuu. Kila swali lilimtaka mjumbe azungushie duara tarakimu moja kati ya 1 na 5.

Duara nyingi zilikuwa kwenye 4. Sisi ni watu wa adabu. Mtu akishakulisha kuku huwezi kumpa 2. Lakini pambizoni, pale ambapo fomu haikuuliza kitu, ndipo wajumbe walipoandika walichotaka kusema. Mmoja aliandika hivi: "Mmetuongelea siku mbili nzima. Hamjatuongelesha." Mwingine, kwa mwandiko wa mwalimu wa zamani wa kike kutoka Nyamira, aliuliza: "Ushauri nasaha una ushauri mangapi ndani yake? Na nyinyi mnafundisha kwamba hamshauri mtu." Wa tatu, mhudumu wa afya ya jamii, aliandika sentensi moja tu chini ya swali kuhusu chakula: "Wazee wanaochomwa hakuna aliyewataja."

Mimi ni mtu wa lugha, si wa saikolojia. Hata hivyo, sentensi hizo tatu zilinikalia moyoni kuliko mawasilisho yote, nikaona kwamba haziwezi kueleweka bila historia. Nitajaribu kuieleza hapa, kwa sababu katika kurasa mbili za muhtasari haikuenea.

Nianze na la mwalimu, maana lilinichoma mimi binafsi. Neno 'nasaha' lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni maneno mema ambayo mtu anampa mwenziwe kwa nia safi. 'Ushauri' nao umetokana na mzizi mwingine wa Kiarabu, ule uliotupa 'shauri', 'mashauri' na 'kushauriana'. Kwa hiyo 'ushauri nasaha' ni maneno mawili yaliyobebana, yote yakielekea upande mmoja: mtu anayejua anamwambia asiyejua la kufanya. Tazama sasa kejeli iliyopo. Mwaka wa 1942 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alichapisha kitabu kuhusu unasihi na tiba ya mazungumzo ambacho hoja yake kubwa ni kwamba kazi ya mnasihi si kutoa mawaidha. Kazi yake ni kusikiliza kwa namna inayomwezesha aliye mbele yake kujisikia mwenyewe. Vyuo vyetu vinafundisha jambo hilo katika muhula wa kwanza. Kisha mwanafunzi anahitimu, anatundika kibao mlangoni, na kibao kinasema 'ushauri' mara mbili.

Neno 'shauri' lina mzigo wake wa ziada katika nchi hii. Wakati wa ukoloni shauri lilikuwa kesi. Mtu alikwenda kwenye shauri mbele ya chifu au bwana DC, na aliyetoka huko alitoka ama amepigwa faini ama amepona kwa siku hiyo. Katika mazungumzo ya kila siku, Mkenya akikwambia "shauri yako" amenawa mikono. Ukianguka shimoni usimwite. Hivyo neno tulilolichagua liwe jina la kukaa na mtu katika shida zake lina harufu ya mahakama upande mmoja na harufu ya kutelekezwa upande wa pili. Wanaopendelea 'unasihi' wamepunguza mzigo nusu. Nami ni mmoja wao, ingawa nakiri kwamba sokoni Daraja Mbili ukimtajia mama muuza ndizi neno hilo atakuuliza kama ni dawa ya kuku.

Je, Abagusii walikuwa wakifanyaje kabla ya vibao? Ekegusii kina kitenzi 'gosemia', nacho pia ni kushauri. Lakini muhimu kuliko kitenzi ni kanuni ya nani anaruhusiwa kumsemia nani. Kanuni hiyo inaitwa chinsoni. Wengine huitafsiri kwa neno 'haya', wengine 'heshima', na zote mbili hazitoshi. Chinsoni humzuia baba kuzungumza na mwanawe juu ya mambo ya unyumba, humzuia kuingia katika nyumba ya mwana aliyeoa, na humtenga mkwe wa kike na baba mkwe wake kwa umbali unaopimwa hata katika njia ya kwenda mtoni. Kizazi kimoja na kinachokifuata ni watu wa kuheshimiana kwa ukimya.

Ukaruka kizazi kimoja, mambo yanageuka. Babu na bibi hutaniana na wajukuu wao bila kikomo. Bibi anaweza kumwita mjukuu wa kiume mume wake, akamuuliza maswali ambayo mama mzazi hawezi kuyatamka hata kwa kuelekezewa bunduki. Wasichana walilala kwa bibi. Wavulana waliotahiriwa walihamia nyumba yao, esaiga, na mengi waliyapata humo kutoka kwa waliowatangulia. Kwa maneno mengine, faragha ilikuwepo, msikilizaji alikuwepo, na utani ulifanya kazi ambayo leo tunasema ni ya kuvunja barafu (msemo wa watu ambao maji yao huganda, lakini umeshaingia). Kitu ambacho hakikuwepo ni mgeni mwenye cheti. Basi ukimwita baba wa watu ofisini, ukamkalisha karibu na mwanawe wa miaka 17, ukawataka wote wawili waeleze hisia zao, hujaanzisha tiba. Umevunja chinsoni mbele ya shahidi. Wajumbe wawili waliandika jambo hili, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna wasilisho lililoligusa.

Na si kwamba wasomi hawakulijua. Gusii imechunguzwa na wataalamu wa nafsi na jamii kwa miaka zaidi ya 70. Huenda ni miongoni mwa jamii zilizoandikwa sana Afrika Mashariki. Philip Mayer, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Kisii katika miaka ya 1940, aliandika kuhusu koo, kuhusu mahari na kuhusu utani wa wanarika. Mwaka wa 1954 alitoa mhadhara mashuhuri juu ya wachawi, na mhadhara huo aliutoa Grahamstown, Afrika Kusini. Mwaka wa 1955 alifika kijana Mmarekani, Robert LeVine, akakaa hadi 1957. Kutokana na ukaazi huo kilitoka kitabu cha 1966 alichoandika na Barbara LeVine kuhusu jamii waliyoiita Nyansongo, ambacho ni kimojawapo cha mfululizo wa vitabu sita vilivyolinganisha malezi ya watoto katika tamaduni sita za dunia. LeVine alirudi kati ya 1974 na 1976 akiwa na Sarah LeVine, ambaye mwaka wa 1979 alichapisha kitabu juu ya akina mama wa Gusii. Kitabu hicho, kwa maoni yangu, ndicho kinachokaribia zaidi unasihi, kwa sababu msingi wake ni mazungumzo ya mara kwa mara na wanawake wachache, miezi kwa miezi, wakieleza ndoa, uzazi na hofu zao.

Nimewasoma hao kwa faida kubwa, na sitaki kuwabeza. Mengi niliyoyasema juu ya chinsoni wao waliyaandika kwa makini kabla sijazaliwa. Ila vitabu vyao viko kwa Kiingereza, na viliandikwa kwa wasomaji wa Chicago na London. Mama aliyezungumza mwaka wa 1975 hakukusudiwa kuwa msomaji. Na kabla yao alikuwepo mwingine mbaya zaidi: J.C. Carothers, daktari aliyeiongoza hospitali ya Mathari, Nairobi. Katika ripoti ambayo Shirika la Afya Duniani lilimchapishia mwaka wa 1953, alilinganisha fikra za Mwafrika wa kawaida na za Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Carothers hakugawa fomu za maoni. Nikiikumbuka historia hiyo ndipo naelewa uchungu wa yule aliyeandika "mmetuongelea". Kiambishi kimoja tu kinatofautisha 'kuongelea' na 'kuongelesha', nacho kimebeba karne nzima.

Turudi nchini baada ya Uhuru. Unasihi uliingia Gusii kupitia milango miwili, na milango yote miwili iliuachia jina baya.

Mlango wa kwanza ni shule. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha uelekezaji na ushauri mwaka wa 1971. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilikitilia mkazo, na ya Kamunge ya 1988 ikarudia. Kwa miaka mingi mambo hayo yalibaki karatasini, maana kiboko kilikuwepo na kilikuwa cha haraka. Machi 2001 wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, na moto huo uliwashwa na wanafunzi wenzao. Mwaka huohuo viboko vilipigwa marufuku shuleni kisheria, na kikosi kazi kilichoongozwa na Naomi Wangai kikasisitiza kwamba unasihi ushike nafasi yake. Ni hapo shida ya lugha ilipoanza. Mwalimu aliyekuwa na kiboko Ijumaa alikabidhiwa unasihi Jumatatu, bila mafunzo, katika chumba kilekile. Wanafunzi wakawa wanasema "nimepelekwa gaidansi" kwa sauti ya mtu aliyekuwa akisema "nimepelekwa kwa diputi". Kitendo kilibadilika, kitenzi cha kutendwa kikabaki. Katika fomu zangu, mjumbe mmoja anayefundisha Nyamira alieleza kwamba msichana wake bora darasani alikataa kwenda kuonana na mnasihi kwa sababu, kwa maneno ya mtoto huyo, "sijafanya makosa yoyote".

Mlango wa pili ni Ukimwi. Serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999, na kuanzia 2001 vituo vya kupimwa kwa hiari vilienea kutoka miji mikubwa hadi vituo vidogo vya biashara. Vibao vyake viliandikwa kwamba hapo panatolewa ushauri nasaha na upimaji. Kazi waliyoifanya wahudumu wa vituo hivyo ni ya kusifiwa. Wengi wetu tuna jamaa walio hai kwa sababu ya chumba kama hicho. Lakini watu wengi vijijini lilikuwa jambo lao la kwanza kusikia maneno 'ushauri nasaha', na walilisikia likiwa limeambatana na damu na matokeo.

Hapa niungame. Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri fomu ya idhini kwa mradi mmoja wa utafiti juu ya huzuni baada ya kujifungua. Niliandika "utapewa ushauri nasaha" nikaona nimemaliza kazi. Mama wa kwanza kusomewa alimtazama mhudumu akauliza, "Kwani nimepatikana?" Akabeba mtoto wake akaenda. Nilipoambiwa nilicheka. Baadaye sikucheka.

Katika fomu ileile niliandika 'baba' nikikusudia baba wa mtoto. Anayejua Ekegusii ameshaona kosa. Kwa Ekegusii 'baba' ni mama. Baba ni 'tata'. Kina mama wakongwe, ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu, waliulizwa kama baba huwasaidia kulea wakajibu ndiyo, sana, yeye ndiye anayembeba mtoto mchana kutwa. Sijui mchanganuzi wa takwimu alifikiri nini juu ya wanaume wa Gusii. Natumaini alifurahi.

Neno la tatu katika fomu yangu lilikuwa 'mteja'. Rogers na wenzake waliepuka kumwita mtu mgonjwa wakachagua neno ambalo sisi tunalitafsiri hivyo. Lakini mteja wetu ni mnunuzi. Kwenye simu ni yule asiyepatikana kwa sasa. Na Mombasa au Dar es Salaam 'teja' ni mtumiaji wa heroini aliyekwisha kuzama. Wengine wamependekeza 'mnasihiwa'. Ni sahihi kisarufi, lakini kwa mara nyingine tena mtu yuko katika kauli ya kutendwa, amekaa, anamiminiwa. Mwalimu wa Nyamira aliandika pendekezo lake nyuma ya fomu: kwa nini tusiseme 'msikilizaji' na 'msemaji', na msemaji akawa ni yule mwenye shida? Nililipenda. Halitapita, maana msemaji tayari ni wa Ikulu, lakini nililipenda.

Sasa la mhudumu wa afya, ambalo ndilo zito. Mei 2008, miezi michache baada ya ghasia za uchaguzi, watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa Kisii kwa kuchomwa moto na umati uliowashuku kuwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hiyohiyo huko Marani. Hayo ni yale yaliyofika magazetini. Mayer alitoa mhadhara wake juu ya wachawi mwaka wa 1954. Tangu hapo hadi Marani ni miaka 67.

Aliyeandika ile sentensi fupi nilimpigia simu, kwa kuwa aliacha nambari. Alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na watu. Katika eneo lake kuna omong'ina mmoja, mjane, ambaye siku hizi huamka usiku, hutoka nje bila nguo za kutosha, hutembea hadi boma la jirani akabisha mlango, kisha hushindwa kusema amefuata nini. Asubuhi hakumbuki. Majirani wameanza kunong'ona. "Ninajua ni ugonjwa," mhudumu aliniambia. "Nilifundishwa siku moja kwa Kiingereza. Sasa wewe niambie, mwalimu, niwaambie ni nini?"

Nikabaki kimya. Daktari ana jina lake la Kiingereza. Tafsiri nyingi za Kiswahili hutumia 'shida ya akili', nalo ni neno pana mno. Kijijini shida ya akili ni kichaa, na kichaa anayetembea usiku hamwondolei mtu shaka, anaiongeza. Nilimwambia ajaribu 'ugonjwa wa kusahau wa uzeeni'. Ni refu, halina heshima ya kitaalamu, wala kamusi haitaliingiza. Lakini lina sifa moja: linataja ugonjwa, linataja kusahau, linataja uzee, mambo matatu ambayo kila jirani ameyaona nyumbani kwake. Akalirudia polepole. Akaniuliza kwa Ekegusii lingekuwaje, tukakaa kwenye simu karibu robo saa tukitafuta, hadi salio lake likaisha.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wenzangu wanaosema kwamba istilahi ni mchezo wa maprofesa. Bunge limepitisha sheria ya wanasihi na wanasaikolojia mwaka wa 2014, na kuna bodi ya kuwasajili. Jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Vyote hivyo vipo, na bado mhudumu wa kijijini hana neno moja la kulinda uhai wa bibi kizee. Ningekuwa mwandalizi wa kongamano, kikao cha kwanza asubuhi kingekuwa hicho: wanasihi, wauguzi, watu wa Kiswahili na wazee wa Ekegusii katika chumba kimoja, wakitafuta maneno thelathini, na wajumbe hawatoki kunywa chai hadi yapatikane.

Muhtasari wangu niliupeleka. Ulikuwa na kurasa tano. Waandalizi walinishukuru, wakaniomba niupunguze, na wakauliza kama ningeweza kuwapa wastani wa alama za ukumbi na chakula. Niliwapa. Ukumbi ulifanya vizuri kuliko chakula. Pambizo nilizipiga chapa zote, kwa lugha zilizoandikwa, nikaziambatisha mwishoni bila kutafsiri.

Fomu ya mwalimu wa Nyamira ndiyo niliyobaki nayo mezani kwa muda mrefu zaidi. Swali la mwisho liliuliza kama angehudhuria tena mwaka ujao. Hakuzungusha duara. Aliandika: "Nitakuja na dada yangu mkubwa. Yeye hajui Kiingereza. Mniambie mapema kama atasikia chochote, nisimlipie nauli bure."